Land Rover Series IIA ya 1966: nichague ringi na matairi gani?

Makini66 aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninamiliki Land Rover Series IIA ya mwaka 1966, yenye chasisi fupi ya inchi 88 na injini ya petroli ya lita 2.25, ambayo nimekuwa nikiifufua taratibu kwa miaka mitatu. Injini, breki na springi zimekamilika. Kilichobaki ni magurudumu, na hapo ndipo nilipokwama.

Gari lilinifikia likiwa na matairi matano yasiyolingana. Mawili ya mbele ni ya nailoni, ukubwa 6.00-16, mawili ya nyuma ni ya waya, 205/80R16, na la akiba ni 7.50-16 lenye kashata ndefu, ambalo nikilisimamisha kando ya mengine linaonekana kama limetolewa kwenye lori. Ubavuni mwa tairi moja la mbele, alama ya tarehe ya kutengenezwa ina tarakimu tatu tu.

Sehemu kubwa ya mwendo wangu ni barabara za vumbi na kokoto, na iliyobaki ni lami ya kunifikisha huko. Wakati wa mvua ninakutana na udongo mweusi unaonata, na mara kwa mara ninavuka mikondo ya mito iliyojaa mchanga. Hatuzidi watu wawili garini, na mzigo wetu ni hema, maji na vifaa vya kufanyia matengenezo. Sihitaji kasi. Ninachotaka ni gari litembee kwa usalama, lisikwame ovyo, na libaki na sura yake ya asili.

Nimepewa mashauri matatu yanayopingana: nirudi kwenye 6.00-16 kama lilivyotoka kiwandani, niweke 235/85R16 ili nipate kimo, au nitafute ringi pana za aloi zenye matairi mapana. Zaidi ya hayo, sijui nitambueje kama ringi za chuma nilizonazo bado zinafaa. Nitashukuru kupata maelezo ya waliokwisha kuyapitia haya.

FundiMstaafu alijibu:

Ndugu Makini66, kabla hujanunua tairi hata moja, ng'oa magurudumu yote matano, vua matairi, na uzikague ringi zikiwa tupu, kwa sababu tairi jipya juu ya ringi mbovu ni fedha iliyotupwa.

Sugua kutu kwa brashi ya waya, hasa pale panapokaliwa na midomo ya tairi na kuzunguka matundu ya stadi, yaani bolti zinazoshika gurudumu. Tundu lililotanuka likawa na umbo la yai ni ushahidi kwamba ringi iliendeshwa nati zikiwa zimelegea. Ringi ya namna hiyo haichomelewi, inatupwa. Kisha tafuta nyufa. Paka mafuta ya taa kuzunguka matundu, subiri kidogo, pangusa mpaka pakauke, halafu sugulia unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya weupe, na utauona hata kama ufa wenyewe ni mwembamba kuliko unywele.

Baada ya hapo, funga ringi kwenye ekseli ya mbele, inua kwa jeki, weka kipande cha chaki juu ya tofali kikiwa karibu kabisa na ukingo, na uizungushe ringi polepole kwa mkono. Ikiwa nafasi kati ya chaki na chuma inacheza kwa zaidi ya milimita mbili hivi, utausikia mtetemo kwenye usukani, na hakuna risasi za kusawazishia zitakazouondoa.

Angalia pia namba zilizogongwa kwenye chuma. Ringi za asili za 88 zina upana wa inchi 5 na huandikwa 5.00F x 16. Za 109, yaani chasisi ndefu, ni 5.50F x 16, na bakuli lake limekaa tofauti. Zote zina matundu matano kwenye duara la milimita 165.1, kwa hiyo huingiliana bila kulalamika, na kwa miaka yote hii wamiliki wamezichanganya bila kujua. Usishangae ukizikuta za aina mbili chini ya gari lako.

Kuhusu tarakimu tatu: alama hiyo ilitumika kabla ya mwaka 2000. Tangu mwaka huo zinaandikwa tarakimu nne, mbili za kwanza zikionyesha wiki na mbili za mwisho zikionyesha mwaka. Maana yake tairi lako lina zaidi ya miaka ishirini, na ingawa kashata zake huenda bado ni ndefu, mpira wake umekwisha kukauka. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka kumi hata kwa tairi linaloonekana zima. Hilo lako halifai hata kuwa la akiba.

SafariNdefu alijibu:

Mimi ninaendesha 88 yenye 235/85R16 na sijutii. Kimo cha tairi ndicho kitu pekee kinachoinua difu kutoka ardhini, kwa sababu ukiinua springi unainua bodi tu, na ekseli inabaki palepale ilipokuwa. Katika mapito yenye makorongo ya magurudumu ya malori, difu yangu hupita pale ambapo zamani ilikuwa ikilima udongo. Vilevile ni tairi jembamba kwa kimo chake, hivyo kwenye matope mepesi juu ya ardhi ngumu hukata tope na kufika chini kwenye mshiko, badala ya kuelea juu kama linavyofanya tairi pana. Na kwenye lami injini haipigi kelele kama zamani.

Kwa maoni yangu, mapana ya aloi uyasahau kabisa. Gari la 1966 halikuumbwa kwa ajili yake.

Hesabati alijibu:

Ninakubaliana na ndugu SafariNdefu kwamba kimo cha tairi ndicho kinachoinua ekseli, lakini ningeomba tuweke hesabu mezani ili Makini66 ajue analipia nini.

Kipenyo cha 6.00-16 ni karibu milimita 730. Cha 235/85R16 unakipata hivi: 235 mara 0.85, mara mbili kwa sababu ubavu uko juu na chini, kisha uongeze milimita 406 za ringi ya inchi 16. Jibu ni karibu 806. Tofauti ni milimita 76, lakini kinachoongezeka chini ya difu ni nusu yake tu, yaani milimita 38. Hicho ni kimo cha maana, sikatai. Swali ni nani anayebeba gharama yake.

Wa kwanza ni gia. Tairi limekuwa kubwa kwa asilimia 10, kwa hiyo uwiano wa difu wa 4.7 unafanya kazi kana kwamba ni 4.26. Kwenye gia ya nne, mwendo wa kilomita 80 kwa saa ulikuwa ukihitaji takriban mizunguko 3,100 ya injini kwa dakika. Sasa itakuwa kama 2,850. Kwenye lami tambarare huo ni unafuu, na ndio utulivu anaousifu mwenzetu. Kwenye mlima wenye kokoto, injini ileile inasukuma gia ndefu zaidi, na utajikuta unarudi gia ya tatu mapema au unaingiza gia nzito pale ambapo hukuwa ukiihitaji. Spidomita nayo itadanganya: ikisoma 80 utakuwa unakwenda karibu 88.

Wa pili ni breki. Dramu za 88 ni za inchi 10, na nguvu inayofika ardhini hupungua kwa kiasi kilekile ambacho tairi limekua. Ukanyagaji uliokuwa ukilisimamisha gari vizuri jana hautatosha kesho.

Wa tatu, na ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, ni shafti za nyuma. Za enzi hizo zina meno 10 tu na hujulikana kwa kukatika. Mifumo iliyofuata ikapewa meno 24. Tairi kubwa na zito, lenye kashata zinazong'ang'ania jiwe wakati mguu wako uko kwenye mafuta, ni mkono mrefu zaidi unaoisokota shafti hiyo. Wapo wanaoendesha kwa upole na hawakati kitu kwa miaka. Lakini shafti haikatiki gari likiwa gereji, hukatika katikati ya mto.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likisemwa mara nyingi. Matairi mengi ya 235/85R16 yana kipimo cha mzigo cha 120, ambacho ni kilo 1,400 kwa kila tairi, ilhali gari lako zima likiwa tupu lina uzito wa kama tani moja na theluthi. Ubavu uliojengwa kubeba mzigo wa namna hiyo haukunjiki chini ya gari jepesi, kwa hiyo kila jiwe utalihisi kwenye uti wa mgongo, na tairi litarukaruka juu ya kokoto badala ya kuzilalia. Tena matairi hayo kwa kawaida hutaka ringi ya kuanzia inchi 6, na zako za inchi 5 ni nyembamba mno. Ukilibana tairi pana kwenye ringi nyembamba, uso wake unabinuka, likaliwa katikati, na midomo haikai ilivyokusudiwa.

Pendekezo langu ni 7.00R16 juu ya ringi ya 5.50F. Kipenyo chake ni karibu milimita 775, unapata milimita 22 chini ya difu, na gia zinarefuka kwa asilimia 6 tu. Tafuta lenye nguvu ya nyuzi (ply rating) 6, au 8 likikosekana, na uepuke la 10. Ukitaka kutogusa kitu chochote cha mfumo wa gari, 205/80R16 lina milimita 734, karibu sawa kabisa na la asili.

BintiFundi alijibu:

Nimekulia katika karakana ya baba yangu iliyokuwa ikihudumia magari haya, na ningependa kuongeza mambo ambayo hayamo kwenye jedwali la vipimo.

La kwanza ni kuchanganya nailoni na waya. Kwenye tairi la nailoni nyuzi hupishana kwa mshazari kutoka mdomo hadi mdomo. Kwenye la waya nyuzi za ubavuni hukata moja kwa moja kuelekea kitovu, na mkanda wa waya huzunguka chini ya kashata. Kwenye kona hayaegemei kwa namna moja, kwa hiyo kamwe yasikae pamoja kwenye ekseli moja. Mpangilio wako wa sasa, nailoni mbele na waya nyuma, una hatari ndogo kuliko kinyume chake, kwa sababu angalau mkia wa gari haukimbii kabla ya pua. Hata hivyo Series haina difu ya kati. Ukiingiza magurudumu yote manne, shafti ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa kuzunguka sawasawa, na kama matairi ya mbele ni madogo hata kwa milimita kadhaa, mfumo mzima unajikaza mpaka kitu kiteleze. Kwenye matope kitateleza tairi. Kwenye ardhi kavu hakuna cha kuteleza, na hapo utaona kirungu cha gia kimegoma kutoka mpaka urudi nyuma kidogo. Kwa hiyo nunua matano yanayolingana, na uyazungushe yote matano, la akiba likiwemo, ili yaishe pamoja.

La pili ni tyubu. Ringi nyingi za Series zimeunganishwa kwa riveti, na hazina ile nundu ndogo inayozuia mdomo wa tairi kuteleza kuelekea katikati. Upepo hupenya kwenye riveti, na bila nundu mdomo unaweza kuchomoka ghafla ukipinda kona na upepo mdogo. Tumia tyubu hata kama tairi limeandikwa kwamba halihitaji, mradi mtengenezaji wake anaruhusu. Hakikisha tyubu yenyewe imetengenezwa kwa ajili ya matairi ya waya, na kwamba shina la vali linalingana na tundu la ringi, kwa sababu yapo matundu ya karibu milimita 11.5 na yapo ya karibu milimita 16. Shina jembamba ndani ya tundu pana hucheza, na ukingo wa chuma hulikata taratibu.

Kabla ya kuingiza tyubu, pitisha kiganja ndani ya tairi lote. Matairi mapya huwa na karatasi za namba zilizobandikwa ndani. Niliwahi kuvua tyubu iliyokuwa ikipungua upepo kila wiki, na nikakuta mraba mdogo uliosuguliwa ukang'aa, pembe zake nne zimechorwa wazi kama muhuri, na kwenye pembe moja kulikuwa na tundu la ukubwa wa ncha ya sindano. Ilikuwa karatasi tu. Ibandue yote, futa gundi, nyunyiza poda ya talki, kisha uweke tyubu na uijaze kidogo kabla ya kufunga mdomo wa pili ili isijikunje.

La tatu linahusu mchanga wako. Kupunguza upepo hadi psi 15 hivi hurefusha alama ya tairi ardhini, na kwa gari hili hiyo inasaidia kuliko tairi pana. Lakini tyubu ina udhaifu wake: upepo ukiwa mdogo, tairi hutambaa juu ya ringi, likaivuta tyubu pamoja nalo huku vali ikiwa imenaswa kwenye tundu. Chora mstari mmoja wa rangi unaopita kutoka kwenye ringi hadi kwenye tairi. Mistari ikiachana, au ukiona vali imeinama, simama, toa upepo wote na upange upya kabla shina halijang'oka.

Kuhusu ringi za aloi, ninawaunga mkono wenzangu. Ringi inayotokeza nje husogeza mzigo mbali na beringi na huufanya usukani, ambao hauna msaada wowote wa haidroliki, kuwa mzito na wenye kurusha mikono unapogonga jiwe. Nati nazo ni tofauti, kwani za chuma zina kichwa cha koni na ringi nyingi za aloi hutaka nati za mkono mrefu zenye kitako bapa. Na si kila ringi yenye jina la Land Rover inaingia: za Discovery ya pili ziko kwenye duara la milimita 120 na hazitakaa kabisa.

SafariNdefu alijibu:

Ninashukuru kwa hesabu hizo. Ni kweli kwamba gari langu lilikwisha kubadilishiwa shafti za nyuma na lina ringi za inchi 6 kabla sijalinunua, na nilipaswa kuyataja hayo tangu mwanzo. Pia nililazimika kurekebisha bolti za kikomo cha usukani kwa sababu tairi lilikuwa likisugua springi nikikata kona hadi mwisho. Na la akiba sikuweza kulirudisha juu ya boneti: ni zito, linaziba njia mbele yangu, na bawaba zilianza kulegea. Sasa linakaa nyuma, ndani.

Makini66 alirudi na majibu:

Ndugu zangu, nimefanya kama mlivyoelekeza. Ringi tatu ni 5.00F na mbili ni 5.50F, na mbili hizo hazikuwa kwenye ekseli moja, jambo ambalo huenda ndilo lililokuwa likilivuta gari upande wa kushoto nilipokanyaga breki. Ringi moja ya 5.00F ilicheza karibu milimita tano mbele ya chaki. Nyingine, nilipoipaka mafuta ya taa na chaki kama alivyosema FundiMstaafu, ilitoa mstari mweusi kutoka tundu moja la stadi hadi kwenye riveti. Nilikuwa nimeendesha juu yake kwa miezi.

Nimepata ringi nyingine tatu za 5.50F zilizonyooka, hivyo sasa nina tano za namna moja. Ninaelekea kwenye 7.00R16 ya nyuzi 6 na tyubu mpya. Yamebaki maswali mawili: kashata za aina gani, na nianze na upepo kiasi gani?

FundiMstaafu alijibu:

Umefanya vyema kuitupa hiyo yenye ufa, na ninaomba uikate kabla ya kuitupa ili asije mtu akaiokota.

Kwa udongo mweusi unaonata, kinachohitajika ni nafasi pana kati ya kashata na mabega yaliyo wazi, ili tairi lijitapike tope linapozunguka. Tairi lenye kashata zilizobanana hujaa kwa mizunguko michache na kuwa kama kipara, hata likiwa jipya. Lakini kashata pana za matope kabisa zina mpira mchache unaogusa lami, na mvua ikinyesha kwenye lami breki zako za dramu zitahitaji msaada wote zinaoweza kuupata. Kwa kuwa sehemu kubwa ya njia yako ni kokoto, ningechagua tairi la matumizi mchanganyiko lenye mabega yaliyopasuliwa, na kwenye matope mabaya ningetegemea gia nzito na subira.

Upepo wa kiwandani kwa 88 yenye 6.00-16 ni psi 25 mbele na 25 nyuma, na nyuma hupanda hadi 30 ukiwa na mzigo. Anza hapo, tairi likiwa baridi. Kisha chora mstari mnene wa chaki kukata uso wa tairi, endesha mita mia kadhaa kwenye lami iliyonyooka, na utazame. Chaki ikifutika katikati pekee, upepo umezidi. Ikifutika mabegani pekee, umepungua. Andika namba uliyoipata kwa gari tupu na kwa gari lenye mzigo wako wa safari, kwani hazitalingana.

Ukishafunga, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili gari likiwa limesimama, na upitishe vidole kati ya tairi na springi. Kaza nati kwa kupishanisha, si kwa kufuata duara, na usipake grisi kwenye koni. Baada ya kilomita 50 hivi uzikaze tena, kwa sababu rangi mpya ya ringi hukandamizwa chini ya nati na kuacha ulegevu mdogo, na ulegevu huo ndio unaoanza kulichonga tundu likawa yai.